GeneXpert: miaka tisa ya kuyauliza makohozi swali moja

Kabla mashine hii haijaingia maabara kwetu, kipimo cha kifua kikuu kilikuwa macho yangu. Nilipaka makohozi kwenye slaidi, nikayakausha, nikayatia rangi kwa njia ya Ziehl-Neelsen, kisha nikainamia hadubini kutafuta vijiti vyekundu kwenye uwanja wa buluu. Ili slaidi moja iandikwe hasi ilibidi nipitie viwanja 100, na siku yenye slaidi 20 shingo iliniuma mpaka usiku. Juu ya uchovu huo nilijua kuna wagonjwa nisiowaona. Hadubini huanza kuona pale mililita moja ya makohozi inapokuwa na bakteria wapatao 5,000 hadi 10,000. Chini ya hapo mtu anaweza kukohoa usiku kucha na slaidi yake ikatoka safi. Wenye virusi vya Ukimwi, ambao mara nyingi makohozi yao huwa na bakteria wachache, ndio walioniponyoka zaidi.

Njia ya kuotesha ilikuwepo, na mpaka leo ndiyo mizani ya kupimia vipimo vingine vyote. Lakini bakteria wa kifua kikuu hana haraka. Hugawanyika mara moja kwa takriban saa 20, kwa hiyo kijichupa cha kuoteshea hukaa hadi siku 42 kabla hujaruhusiwa kusema hakuna kilichoota. Niliwahi kupeleka jibu chanya wodini nikaambiwa mwenye jibu alishazikwa wiki mbili nyuma. Niliirudisha ile karatasi maabara nikakaa nayo muda mrefu.

Kwa hiyo ninapoitathmini GeneXpert leo, baada ya miaka tisa ya kuitumia karibu kila siku ya kazi, naandika kama mtu anayeipenda. Lakini kuna jambo moja ninalotaka kila anayepokea karatasi yake alijue, awe daktari, muuguzi au mgonjwa mwenyewe: mashine hii inajibu swali moja tu. Inaulizwa kama ndani ya makohozi haya kuna vinasaba vya bakteria wa kifua kikuu, na kama kuna, je, sehemu fulani fupi ya vinasaba hivyo imebadilika. Haiulizwi kama mtu anaumwa. Mengi ninayoyasifu na mengi ninayoyalalamikia yanatoka hapo.

Tuliyo nayo ni ya moduli nne, yaani nafasi nne za kupimia, sanduku la kijivu linalokaa juu ya meza ya kawaida, limeunganishwa na kompyuta. Kila moduli inafanya kazi peke yake, kwa hiyo naweza kuanza sampuli ya pili wakati ya kwanza iko katikati. Kwa foleni ya asubuhi hilo ni jambo kubwa, maana sisubiri zijae ndipo nianze.

Utamu wenyewe uko ndani ya katriji, na hapa naomba msomaji anivumilie. Katriji ni kijisanduku cha plastiki kinachoenea kiganjani. Ndani yake kuna vyumba vidogo vilivyozunguka vali. Makohozi yakishamiminwa, mashine inayasukuma kupitia kichujio kinachowanasa bakteria, inawaosha, kisha inawapasua kwa mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii. Vinasaba vikishatoka vinachanganywa na vitendanishi vilivyokaushwa mfano wa shanga, na kusukumwa hadi kwenye kichupa bapa kilicho mgongoni mwa katriji. Hapo joto linapanda na kushuka, mzunguko baada ya mzunguko, na katika kila mzunguko kipande kinachotafutwa kinaongezeka maradufu. Ndiyo PCR, neno ambalo wengi walilijua wakati wa UVIKO-19, ingawa Kary Mullis alibuni njia hiyo mwaka 1983 na kupewa Tuzo ya Nobel kwa ajili yake mwaka 1993.

Kipande chenyewe ni herufi 81 za jeni inayoitwa rpoB. Rifampisini, nguzo ya matibabu ya kifua kikuu, huua kwa kung'ang'ania kimeng'enya kinachotengenezwa kwa maelekezo ya jeni hiyo. Herufi ikibadilika mahali pabaya, dawa inakosa pa kushika. Zaidi ya asilimia 95 ya usugu wa rifampisini hutokana na mabadiliko ndani ya herufi hizo 81. Katriji ya kwanza, iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani Desemba 2010, ilizigawa herufi hizo kwa vipande vitano vya vinasaba ambavyo mimi huviita taa. Kila taa inawaka ikikuta herufi zake zimekaa sawasawa. Zote tano zikiwaka, bakteria yupo na rifampisini inamfaa. Moja ikigoma huku nyingine zinawaka, tunaye bakteria sugu. Mara ya kwanza nilipoona mistari ya rangi ikipanda kwenye kompyuta, minne juu na mmoja umelala chini, nilimwita mzee aliyenifundisha kazi. Alisimama nyuma yangu akiwa bado na glavu moja mkononi. Akasema, "Mwanangu, hili tulikuwa tunalisubiri miezi mitatu." Kwenye skrini zilikuwa zimepita chini ya saa mbili.

Huyo mzee ndiye aliyenipa pia historia ambayo sikuipata darasani. Mwaka 2001 nchini Marekani kulikuwa na barua zilizotiwa vijidudu vya kimeta, watu wakafa, na posta ya nchi hiyo ikahitaji kifaa kinachoweza kunusa vinasaba vya kimeta kwenye vituo vya kuchambulia barua bila kuhitaji mtaalamu kusimama pale. Teknolojia ya katriji iliyofungwa ilitumika huko kwanza. Baadaye, kwa ushirikiano na shirika la FIND na watafiti kama David Alland, ikageuzwa kutafuta kifua kikuu. Ndiyo maana katriji ikishafungwa hufungui tena, na ndiyo maana naweza kuiendesha bila vyumba vitatu tofauti ambavyo PCR ya kawaida hudai ili vinasaba vya sampuli moja visichafue nyingine.

Ndani ya kila katriji kuna pia chembe za mbegu za bakteria mwingine asiye na madhara, Bacillus globigii. Kazi yake ni ushahidi. Kama mashine haikuona kifua kikuu na haikuwaona hata hawa wa kwake, basi kuna kilichoharibika njiani na inakataa kutoa jibu. Naiheshimu sana sifa hii. Slaidi iliyopakwa vibaya haikuwahi kuniambia kuwa imepakwa vibaya.

Sasa maandalizi. Kwenye kikopo cha makohozi unaongeza kitendanishi mara mbili ya ujazo wa makohozi yenyewe, unafunga, unatikisa kwa nguvu, unaacha dakika 10, unatikisa tena, unaacha dakika 5. Kisha unanyonya mililita mbili kwa pipeti iliyotiwa alama na kuzimimina ndani ya katriji. Hayo tu. Muuguzi anaweza kufundishwa kwa siku moja, na nitalirudia hili mbele. Ila zile dakika 15 si pambo. Zinayeyusha ute na kupunguza hatari ya bakteria hai kwa anayeshika kikopo. Mwaka wangu wa kwanza, siku ya foleni ndefu, nilikata zile tano za mwisho kwa sampuli moja nzito. Mashine ikasimama na kuandika hitilafu namba 2008, ikimaanisha shinikizo ndani limezidi kwa sababu ute umeziba. Katriji ikawa ya kutupwa. Baya zaidi, mgonjwa alikuwa ametoa kikopo kimoja na ameshaondoka. Ilituchukua siku tisa kumpata tena. Tangu siku hiyo ninatumia saa ya ukutani, sikisii.

Ninachokiona kuwa udhaifu mkubwa zaidi wa kipimo hiki hakiko kwenye mashine kabisa. Kiko kwenye kikopo. Mate hayana jibu. Kwa miaka mingi tulipokea mate mepesi yenye povu, tukayapima kwa uaminifu, tukatoa majibu hasi kwa uaminifu uleule, na watu wakarudi nyumbani na kifua kikuu chao. Sasa kabla ya kumpa mtu kikopo natoka naye nje, kwenye hewa, nasimama upande ambao upepo hautanijia usoni. Namwambia asukutue kinywa kwa maji, avute pumzi ndefu mara mbili aiachie taratibu, ya tatu akohoe kutoka chini kabisa ya kifua. Mama mmoja aliniuliza, "Dada, kwa hiyo hiki nilicholeta asubuhi chote ni bure?" Nikamwambia, "Mama, kile kilitoka mdomoni. Tunakihitaji kile kinachokusumbua usiku." Alielewa mara moja, na kikopo cha pili kilikuwa kizito na cha njano. Dakika tatu za maelezo zimenipa wagonjwa wengi kuliko toleo lolote jipya la katriji.

Toleo jipya nalo lina haki yake. Xpert Ultra, iliyokubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2017, inatafuta pia vipande viwili vinavyojirudia mara nyingi ndani ya bakteria mmoja, IS6110 na IS1081. Badala ya kutafuta kitu kimoja gizani inatafuta vingi, na huweza kugundua hata bakteria wapatao 16 kwa mililita, pale ambapo katriji ya kwanza ilihitaji zaidi ya 110. Kwa usugu imeacha kutegemea taa kuwaka au kutowaka tu. Inapima joto ambalo kila taa inaachia kipande chake, na joto hilo hubadilika herufi zikibadilika. Majibu ya usugu wa uongo kwenye sampuli zenye bakteria wachache sana, yaliyokuwa yananikosesha raha, yamepungua.

Lakini jicho kali lina gharama yake, na ni utafiti wenyewe uliolisema hili wazi. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliolinganisha katriji mbili hizi katika nchi nane, zikiwemo Kenya, Uganda, Afrika Kusini na India. Kwa wagonjwa ambao slaidi yao ilikuwa hasi lakini bakteria wakaota, Ultra iliwaona asilimia 63, katriji ya zamani asilimia 46. Hiyo ni tofauti ya watu wengi. Kwa upande wa pili, uwezo wa kusema "hana" kwa asiye nacho ulishuka kutoka asilimia 98 hadi 96. Maana yake, katika kila watu 100 wasio na kifua kikuu, wanne badala ya wawili wanaambiwa wanacho. Ukiwa unasoma makala, pointi mbili ni kitu kidogo. Ukiwa unamkabidhi mtu karatasi, ni mtu mzima mwenye familia anayeanza miezi sita ya vidonge.

Wengi wa hao wamo kwenye jibu la ngazi ya chini kabisa. Mashine hupanga: juu, wastani, chini, chini sana, na kwenye Ultra ikaongezwa ngazi ambayo sisi maabara tunaiita chembechembe. Maana yake ni kwamba vile vipande vinavyojirudia vimeonekana lakini rpoB haikuonekana vya kutosha, kwa hiyo kuhusu rifampisini mashine haina la kusema.

Alikuja mzee mmoja aliyemaliza dawa za kifua kikuu mwaka mmoja na nusu kabla. Anakohoa kidogo, uzito haujapungua, hana homa. Ultra ikatoa chembechembe. Daktari mgeni kwenye kliniki akampigia simu kumwambia ugonjwa umerudi na huenda umekuwa sugu. Yule mzee alikuja dirishani kwangu mikono ikitetemeka. Nilimwomba akae, nikaenda kwa daktari na rejista ya zamani mkononi. Nikamwambia, "Daktari, mashine imejibu kuwa kuna vinasaba. Haijasema kama ni vya bakteria hai." Bakteria aliyekufa huacha vinasaba vyake mapafuni kwa muda mrefu, miezi, hata miaka, na PCR haitofautishi mzima na maiti. Ni kwa sababu hiyohiyo kipimo hiki hakitumiki kufuatilia maendeleo ya mgonjwa aliye kwenye dawa. Huko bado tunarudi kwenye slaidi na kuotesha. Tuliotesha makohozi ya yule mzee, siku 42 zikapita, hakuna kilichoota. Kikohozi kiliisha chenyewe. Daktari yule sasa huniuliza historia ya mgonjwa kabla hajasoma jibu, na ninamshukuru kwa hilo.

Upande wa usugu nao una kona yake ya giza. Huko Eswatini, watafiti waliochunguza upya bakteria waliokusanywa kwenye uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2009 waligundua kwamba takriban asilimia 30 ya waliokuwa sugu kwa dawa nyingi walibeba badiliko linaloitwa I491F. Badiliko hilo limo ndani ya rpoB lakini nje ya zile herufi 81. Taa zote zinawaka vizuri, mashine inaandika kuwa rifampisini inafaa, na mgonjwa anameza rifampisini isiyomsaidia. Nilipolisoma hilo mwaka 2015 nilihisi kama nimesalitiwa na rafiki, hisia ambayo najua haikuwa ya haki. Mashine ilisoma ukurasa iliopewa. Hata hivyo lilinibadilisha. Mgonjwa ambaye jibu lake linasema dawa inafaa lakini baada ya miezi miwili slaidi bado ni chanya, simwachii daktari peke yake atafute sababu. Napeleka sampuli ikaoteshwe na kupimwa dhidi ya dawa moja moja. Kipimo cha Xpert pia hakisemi lolote kuhusu isoniazidi, dawa nyingine kuu ya kifua kikuu. Kwa hilo ipo katriji nyingine, inayohitaji moduli mpya zenye rangi kumi, na inapima isoniazidi na dawa za kundi la fluorokwinoloni pamoja na nyingine chache. Mahali penye wagonjwa sugu ningeitaka bila kusita.

Je, mashine hii inaokoa maisha? Swali hili nililiona dogo kabla sijasoma majaribio ya kitabibu. Utafiti mkubwa wa mwanzo, uliochapishwa mwaka 2010, ulihusisha watu 1,730 katika Peru, Azabajani, Afrika Kusini na India. Kipimo kimoja kiliwaona asilimia 98.2 ya wenye slaidi chanya na asilimia 72.5 ya wenye slaidi hasi, na kikawatambua 200 kati ya 205 wenye usugu wa rifampisini. Kwa takwimu kama hizo ungetarajia vifo vishuke mara moja. Kisha mwaka 2014 yakaja matokeo ya jaribio lililofanyika Afrika Kusini, Zimbabwe, Zambia na Tanzania, watu 1,502, ambapo wauguzi waliofundishwa kwa siku moja waliendesha mashine kwenye kliniki za kawaida. Waliweza, na vizuri. Wagonjwa wengi zaidi walianza dawa siku ileile. Lakini baada ya miezi kadhaa hali za wagonjwa katika makundi mawili, la mashine na la hadubini, hazikutofautiana. Jaribio jingine la Afrika Kusini, la mwaka 2015, nalo halikuonyesha kupungua kwa vifo kunakoweza kuaminiwa kitakwimu.

Sababu mojawapo inatuhusu sisi wote. Madaktari walikuwa tayari wanaanzisha dawa kwa dalili na picha ya kifua bila kusubiri maabara, kwa hiyo kundi la hadubini halikuachwa bila tiba. Sababu nyingine ni mnyororo mzima: jibu linatoka kwa saa mbili, kisha linalala. Nimeliona kwa macho yangu. Kwenye kituo kimoja nilichofanyia kazi zamani niliwahi kukuta trei ya majibu yaliyochapwa, baadhi chanya, ya siku kumi na moja nyuma, kwa sababu mtu wa kuyapeleka alikuwa likizo na hakuna aliyeambiwa ashike nafasi yake. Saa mbili za mashine zilikuwa zimegeuka wiki mbili za mgonjwa. Ninapotathmini kipimo sasa nahesabu kuanzia mtu anapokohoa kwenye kikopo mpaka anapomeza kidonge cha kwanza. Kwetu tulikubaliana kwamba jibu chanya halichapwi kabla halijapigiwa simu. Nampigia muuguzi wa kliniki, anaandika, ananisomea alichoandika, ndipo nachapa. Huu utaratibu hauna katriji wala umeme, na kwa maoni yangu una nusu ya thamani ya mashine.

Umeme, basi, maana hauepukiki. Mashine inataka chumba kati ya nyuzi joto 15 na 30, na katriji zinataka kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 28. Inataka betri ya akiba inayoweza kubeba kipimo mpaka kiishe, kwa sababu umeme ukikatika katikati katriji hairudi nyuma. Inataka kichujio cha feni kisafishwe na vumbi lifutwe kwenye moduli. Tulipozembea hilo, hitilafu namba 5007 zikaanza kuja moja baada ya nyingine. Tuliposafisha na kupanga zamu ya usafi ukutani zikapungua. Moduli zinahitaji kuhakikiwa mara kwa mara, na moduli iliyochoka inabadilishwa peke yake bila kung'oa mashine nzima, jambo ambalo nalihesabu kuwa zuri. Anayepanga kununua aulize kwanza nani atakuja kuitengeneza, na kwa siku ngapi. Aulize kabla hajauliza kitu kingine.

Nyongeza kuhusu 2020. Mashine ileile ilipata katriji ya UVIKO-19, na moduli nne zikawa na mabwana wawili. Tulipima virusi asubuhi na kifua kikuu kwa nafasi iliyobaki, na kuna siku haikubaki. Duniani kote idadi ya watu waliogunduliwa na kifua kikuu ilishuka kutoka milioni 7.1 mwaka 2019 hadi milioni 5.8 mwaka 2020. Kifua kikuu hakikupungua. Watu hawakuja, au walikuja wakakuta meza imejaa. Uwezo wa mashine moja kupima wingi wa virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina C, Ebola na vinginevyo unasifiwa kila mahali, na mimi nausifu. Lakini moduli ni nne, na mtu lazima aamue nani asubiri. Uamuzi huo uandikwe mapema, kabla ya siku ya msukosuko.

Kwa watoto ndipo nimejifunza kuipenda upya. Mtoto wa miaka miwili hatoi makohozi. Anayameza. Zamani njia ilikuwa kumpitisha mpira puani asubuhi na mapema kuyafuata tumboni, mtoto analia, mama analia, na mara nyingi hatupati kitu. Siku hizi kinyesi kinakubalika. Makohozi aliyoyameza yanapita, na vinasaba vinapita nayo. Unachukua kinyesi chini kidogo ya gramu moja, unakitia moja kwa moja kwenye chupa ya kitendanishi, unatikisa, unakiacha kitulie, unanyonya maji ya juu.

Mwezi uliopita alikuja mtoto wa umri huo, uzito umegoma kupanda, kikohozi cha wiki tano, picha ya kifua ina tezi zilizovimba. Ultra kwa kinyesi ikatoa chembechembe. Neno lilelile lililomtetemesha yule mzee. Safari hii nilipiga simu nikiwa nimesimama. Kwa mtoto mdogo ambaye hajawahi kutibiwa hakuna masalia ya ugonjwa wa zamani ya kuyashuku, bakteria wake huwa wachache tangu mwanzo, na mwongozo unasema chembechembe kwake ihesabiwe kuwa chanya. Daktari alikuwa na lake la kuuliza: "Na rifampisini?" Nikamwambia mashine haijui. Tukanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mama yake anakohoa?"

Alikuwa anakohoa, miezi miwili sasa, na hakuna aliyekuwa amemuuliza kwa sababu aliyeletwa ni mtoto. Nilitoka naye nje, nikamweleza ya pumzi mbili na ya tatu. Kikopo kilijaa vizuri. Saa nne asubuhi nilikiweka kwenye moduli namba tatu, na kabla ya saa sita jibu likatoka: kifua kikuu, kiwango cha wastani, usugu wa rifampisini haukuonekana. Mtoto alianzishiwa matibabu ya miezi minne, yale yaliyothibitishwa kwa watoto 1,204 wenye kifua kikuu kisicho kikali kwenye jaribio lililochapishwa mwaka 2022, na mama akaanza ya kwake ya miezi sita siku hiyohiyo, wote wawili kutoka dirisha moja la dawa.